Nahau za kutendeana, Kibera na Kawangware

Nahau za kutendeana ni mafungu ya maneno yanayoeleza jinsi mtu anavyomtendea mwenzake na anavyoyakabili mambo yake. Makala hii inahusu zile zinazosikika Kibera na Kawangware, mitaa miwili ya Nairobi, Kenya. Baadhi ni za Kiswahili kinachosemwa nchini kote, nyingine zimetoka katika Sheng, lugha ya mitaani inayochanganya Kiswahili, Kiingereza na lugha nyingine.

Kibera ilianza kama makazi ya askari Wanubi wa jeshi la kikoloni la King's African Rifles mwanzoni mwa karne ya 20. Leo vijiji vyake, kama Makina, Laini Saba na Gatwekera, vina Wanubi, Waluo, Waluhya, Wakamba na Wakisii. Kawangware nayo ina mchanganyiko wake, Wakikuyu na Waluhya wakiwa wengi. Mpangaji hupakana ukuta na mtu asiye wa ukoo wake, na Kiswahili ndicho lugha ya kukopeshana, kugombana na kupatana. Ndiyo maana nahau hizi zimejaa habari za deni na msaada.

Iliyo na uzito kuliko zote ni "kumbeba mtu". Kondakta wa matatu ya namba 46 akimpakia abiria wa Kawangware asiye na nauli, amembeba. Mama mboga akimfungia jirani sukuma wiki na kusubiri malipo hadi mwisho wa wiki, amembeba. Anayebebwa hapotezi heshima, kwa kuwa kesho huenda zamu ikawa yake kubeba. Lakini "kumbeba mtu ufala" ni kumwona mjinga na kumtumia, na ni tuhuma inayoweza kuzua vita. Msaada mkubwa zaidi, kama karo au mtaji wa kibanda, huitwa "kumpiga mtu jeki".

Upande wa deni una ukali wake. "Kuingia mitini" ni kutoweka ili usidaiwe. "Kumruka mtu kimanga" ni kumkana waziwazi. Kwa mwenye duka, hayo mawili hayalingani: aliyeingia mitini huenda akarudi akiwa na pesa, ila aliyeruka kimanga ameuvunja ujirani wenyewe. "Kula fare" ni kupokea nauli uliyotumiwa kisha usifike. Kosa hilo limekuwa rahisi tangu M-Pesa, huduma ya kutuma pesa kwa simu, ilipoanza Machi 2007, kwa kuwa nauli hufika kwenye simu kabla ya msafiri kutoka nyumbani.

Kuhusu kazi, zipo nahau mbili za kuachishwa: "kupigwa kalamu" na "kumwaga unga". Ya kwanza inamwonyesha mwajiri aliyefuta jina. Ya pili inamtwika lawama kibarua mwenyewe, hata kama kazi ya mjengo imesimama kwa sababu zisizomhusu. Ya kwanza ni ya haki zaidi.

"Kuokoa jahazi" ni kunusuru jambo linaloelekea kuharibika, lakini kwa Wanairobi wengi jahazi hilo ni salio la simu: kampuni ya simu ya Safaricom iliipa jina la Okoa Jahazi huduma yake ya kukopesha muda wa maongezi.

Shule nayo imechangia. Katika KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi uliofanywa kuanzia 1985 hadi 2023, insha ya Kiswahili ilikuwa na alama 40, na watahiniwa walikariri nahau ili kuipamba. "Kujikaza kisabuni", yaani kuvumilia bila kukata tamaa, ilizoeleka sana katika insha hizo, na leo humtia moyo mtu anayeamka alfajiri kutafuta kibarua katika viwanda vya Industrial Area. "Pambana na hali yako" haina huruma hiyo: humfungia mlango aliyekuja kuomba, na wanaoitamka kwa jirani mwenye njaa wanastahili kulaumiwa.

Nahau hizi zinastahili pia kuingia kamusini. Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania (BAKITA) lilitoa Kamusi Kuu ya Kiswahili mwaka 2015. Watunzi wa matoleo yajayo ya kamusi za lugha hii wafike Makina na Kawangware, wazisikilize nahau hizi kwa wenyewe, na waziandike kwa maana zake za mtaani.