Ukarabati wa bodi ya BSA Bantam

Ukarabati wa bodi ya BSA Bantam ni kazi ya kurudisha tangi, madigadi, fremu na sehemu nyingine za chuma za pikipiki hiyo ya Kiingereza katika hali ya kutumika, pamoja na kutafuta vipuri vya kujazia vilivyopotea. Bantam ilitengenezwa na kampuni ya Birmingham Small Arms (BSA) kuanzia mwaka 1948 hadi 1971. Kwa kuwa ziliundwa kwa mamia ya maelfu na bei yake ilikuwa ndogo, nyingi zimebaki mabandani, na watu wengi nchini Uingereza hujifunzia ukarabati kwa pikipiki hii.

Asili ya muundo

Bantam ilitokana na DKW RT 125 ya Ujerumani, ambayo michoro yake ilichukuliwa kama fidia baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mfano huohuo ulifuatwa na Harley-Davidson nchini Marekani, na viwanda vya Umoja wa Kisovyeti, kisha na Yamaha katika YA-1 ya mwaka 1955. BSA waliugeuza muundo kama unavyoonekana katika kioo ili pedali ya gia ikae upande wa kulia, ilivyokuwa desturi ya Uingereza wakati ule, na vipimo vya milimita wakavibadili kuwa vya inchi.

Badiliko hilo la vipimo linamgusa fundi hadi leo. Bolti ya milimita 8 inakaribiana mno na ya inchi 5/16, ambayo ni milimita 7.94, lakini nyuzi zake haziendani. Ikilazimishwa, huingia kidogo kisha hukwangua nyuzi za tundu. Spana za milimita nazo huviringa pembe za nati.

Kutambua toleo

Kabla ya kununua chochote ni lazima toleo lijulikane. D1 ya sentimita za ujazo 125 iliundwa hadi mwaka 1963. D3 ya takriban 150 ilianza 1954. D5 na D7 zilizofuata zilikuwa za takriban 175. D1 za kwanza hazikuwa na springi nyuma. Baadaye zilikuja springi za kupanda na kushuka wima kwenye ekseli, kisha fremu yenye mkono wa nyuma unaobembea. Rimu za D1 ni za inchi 19, za D7 ni za inchi 18. Kwa hiyo digadi ya nyuma ya D7, hata ikiwa nzima na ya bei nafuu, haifai kwa D1.

Namba ya fremu na ya injini zisomwe kabla ya msasa kupita juu yake. Fundi akizifuta kwa haraka ya kung'arisha, mwenye pikipiki atapata taabu kubwa kuthibitisha mwaka wake na kuisajili.

Tangi la mafuta

Hii ndiyo sehemu yenye hatari kuliko zote. Tangi tupu lenye mvuke wa petroli hulipuka upesi kuliko lililojaa, na harufu ikiisha si uthibitisho kwamba mvuke umekwisha. Kuchomelea tundu kuachiwe fundi mwenye uzoefu wa matangi, baada ya kuoshwa kabisa kwa maji ya moto na sabuni.

Kutu ya ndani huondolewa kwa kutia nati chache au kipande cha cheni na kutikisa, kisha tangi hujazwa asidi ya limau iliyoyeyushwa katika maji na kuachwa kwa saa kadhaa. Likishasuuzwa likaushwe mara moja, la sivyo kutu mpya hutokea siku hiyohiyo. Wengine hulipaka ndani utando wa kuziba. Baadhi ya tando za zamani huyeyushwa na ethanoli iliyomo katika petroli ya sasa, na vipande vyake huziba kabureta.

Madigadi na rangi

Mibonyeo hunyooshwa kwa nyundo na chuma cha kuegemea kwa upande wa pili. Puti ni ya kusawazisha tu; ikiwekwa nene hupasuka kwa mtikisiko wa injini. Rangi ya zamani inaweza kuwa na risasi, hivyo msasa utumike ukiwa umelowa, na fundi avae barakoa.

D1 nyingi zilipakwa kijani hafifu, na tangi likawa na paneli za rangi ya pembe za ndovu. Zilizotumiwa na posta ya Uingereza kupeleka simu za maandishi zilikuwa nyekundu. Mahali palipofunikwa, kama chini ya kiti, ndipo rangi ya kiwandani hupatikana ikiwa haijafifia. Pale rangi ya asili ilipobaki kwa sehemu kubwa, kuisafisha na kuipaka nta ni bora kuliko kuikwangua.

Vipuri

Vipuri vipya hutengenezwa na karakana ndogo, hasa Uingereza na India, kwa ubora unaotofautiana sana. Madigadi mapya mara nyingi huwa ya bati jembamba, na matundu yake huwa nje ya mahali pake. Ndiyo maana mafundi makini huifunga pikipiki nzima kwanza bila rangi, hutoboa na kukunja panapohitajika, kisha huifungua tena ipakwe.

Vipuri vya asili hutafutwa kwa vyama vya wamiliki na katika masoko ya vikuukuu kama lile la Beaulieu, kusini mwa Uingereza, lililoanza mwaka 1967. Muuzaji huko huweza kuandika "Bantam" bila kutaja toleo, hivyo mnunuzi huenda na rula na kipande kilichoharibika mkononi ili alinganishe.