Kutoka Ikulu ya Nabulagala hadi Vipindi vya Alasiri: Vijana na Majaribio ya Kazi katika Kilima cha Kasubi, Kampala

Utangulizi

Mjadala kuhusu kuwapa wanafunzi wa sekondari nafasi ya kuzijaribu kazi kwa mikono yao, nje ya saa za masomo, huendeshwa nchini Uganda kana kwamba ulizaliwa mwaka 2020, pale mtaala mpya wa sekondari ya chini ulipoanza kutumika katika kidato cha kwanza. Makala hii inapinga dhana hiyo. Kilima cha Kasubi, kaskazini-magharibi mwa kitovu cha Kampala, kimeshuhudia kwa takriban karne moja na nusu vijana wakiwekwa karibu na kazi ili ijulikane wanafaa nini. Historia hiyo haistahili kusomwa kama fahari ya Buganda pekee. Ndani yake mna maelezo ya sababu zilizowafanya wazazi waikatae mipango kadhaa ya elimu ya ufundi tangu enzi za wamisionari, na mshauri wa sera anayeandaa vilabu vya alasiri kwa ajili ya shule za leo atakuwa anajenga juu ya kumbukumbu hizo, azijue asizijue.

Ikulu, koo na karakana

Kilima hiki kilijulikana kwa jina la Nabulagala. Kabaka Mutesa I alijenga ikulu yake hapo mwaka 1882, na alipofariki mwaka 1884 alizikwa humo humo, ndani ya nyumba kuu iitwayo Muzibu Azaala Mpanga. Makabaka watatu waliomfuata, yaani Mwanga II, Daudi Chwa II na Mutesa II, nao wamelala hapo. Wageni huingia wakiliangalia kaburi. Mwanahistoria wa elimu ana haki ya kuangalia kwanza ile ikulu iliyotangulia kaburi.

Ikulu ya Kabaka ilijaa vijana walioitwa bagalagala. Waliletwa na machifu na jamaa zao kutumika: kubeba ujumbe, kulinda ghala, kuhudumu barazani huku wakisikiliza kesi na mashauri ya wakubwa. Hakuna aliyewapa somo, lakini walitazamwa. Kijana mwepesi wa kukumbuka alijulikana, na mwaminifu katika mali alijulikana vilevile. Apolo Kaggwa, aliyekuwa Katikkiro tangu mwaka 1889, alipitia njia hiyo. Tukitumia istilahi ya leo, huu ulikuwa utaratibu wa kijana kuonja madaraka kadhaa kabla ya kukabidhiwa moja. Hata hivyo tusiupambe kupita kiasi. Maisha ya kijana ikuluni yalitegemea hasira na hisani ya mtu mmoja, na vijana wengi waliouawa kati ya mwaka 1885 na 1887 kwa amri ya Mwanga, baadhi yao huko Namugongo, walitoka miongoni mwa bagalagala hao.

Sambamba na ikulu kulikuwa na koo. Kuezeka nyumba za Kabaka ni kazi ya ukoo wa Ngeye. Kutengeneza vitambaa vya magome ya mti, olubugo kwa Luganda, ni kazi inayohusishwa na ukoo wa Ngonge, chini ya kiongozi mwenye cheo cha Kaboggoza. Yafaa kueleza kazi hii ya pili kwa kirefu kidogo, maana ndiyo inayoonyesha vizuri jinsi mafunzo yalivyopangwa ndani ya kazi yenyewe. Gome la mutuba, mti wa jamii ya mkuyu, huvuliwa wakati wa mvua. Shina lililobaki uchi hufungwa majani ya mgomba ili lisikauke, na gome jipya huota likaja kuvunwa tena. Gome hupondwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji, ensaamu, kuanzia ile yenye mifereji mipana hadi yenye mifereji myembamba, chini ya kibanda kilicho wazi pembeni lakini chenye kivuli, ili lisipoteze unyevu kabla halijalainika. Mtoto anaweza kuanza kwa kufunga majani ya mgomba; akaja kushika nyundo nzito, ambayo makosa yake hurekebishika; nyundo ya mwisho hupewa mkono uliokomaa. Kazi ina ngazi ndani yake, na kila ngazi humwambia mzee jambo fulani kuhusu mtoto. Mwaka 2005 UNESCO iliutangaza ufundi huu kuwa miongoni mwa kazi bora za urithi usioshikika, na mwaka 2008 ukaingizwa katika orodha ya urithi huo wa binadamu.

Ndipo akaja Alexander Mackay, mhandisi wa Kiskoti wa Church Missionary Society, aliyefika Buganda Novemba 1878. Karakana yake ya chuma na mbao, pamoja na mashine ndogo ya kupigia chapa, iliwavuta vijana kuliko mahubiri yake, jambo lililomsikitisha mara kwa mara. Mamake Mutesa, Namasole Muganzirwazza, alipofariki mwaka 1882, Mackay ndiye aliyetakiwa kutengeneza majeneza makubwa ya mazishi, na aliifanya kazi hiyo akiwa na wahunzi wa Kabaka. Kwa kongamano la Kiswahili inafaa kukumbusha kwamba mafunzo ya mwanzo ya wamisionari hao yalipitia lugha yetu, iliyokwisha kufika barazani pamoja na wafanyabiashara wa pwani. Luganda kimelihifadhi neno fundi hadi leo. Kuna tofauti moja muhimu kati ya karakana hiyo na koo: kwa Mackay mtoto wa ukoo wowote aliweza kugusa patasi.

Kwa nini wazazi walikataa

Baada ya Mackay, Kristen Borup aliendesha huko Namirembe, kilima jirani, kitengo cha ufundi cha misheni hiyo: matofali, useremala, uchapaji. Kanisa kuu la matofali lililokamilika mwaka 1904 lilikuwa kwa kiasi kikubwa zao la mafunzo hayo. Lakini mwaka 1903 ilianzishwa Uganda Company ili ichukue shughuli hizo za ufundi kibiashara, na mafundi wanagenzi wakawa waajiriwa. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, penye chanzo cha mashaka ambayo hayajaisha. Mzazi aliyempeleka mwanawe kujifunza alimkuta anafanya kazi za mshahara mdogo, wakati mtoto wa jirani aliyejifunza kuandika na kuhesabu katika shule kama King's College Budo, iliyofunguliwa mwaka 1906, aliingia katika ofisi za serikali na za Lukiiko.

Makerere inaeleza jambo hilo hilo kwa ufupi. Ilifunguliwa mwaka 1922 kama shule ya ufundi yenye wanafunzi 14, wote wavulana, waliosoma useremala, ujenzi na umakanika. Haikuchukua muda ikaongeza udaktari, kilimo, tiba ya mifugo na ualimu, na karakana zikapoteza nafasi yake ya kwanza. (Kaulimbiu yake ya awali iliwahimiza wanafunzi wawe wanaume, ilibidi ibadilishwe mwaka 1945 wanawake walipopokelewa. Suala la nani anaruhusiwa kugusa kazi lina historia ndefu katika mji huu.)

Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes, iliyoongozwa na Thomas Jesse Jones na kumjumuisha James Aggrey wa Gold Coast, ilipita Afrika Mashariki ikipendekeza elimu inayolingana na mazingira ya Mwafrika: kilimo, afya, kazi za mikono. Mfano wake ulikuwa shule za Weusi wa kusini mwa Marekani, Hampton na Tuskegee. Pendekezo lenyewe lilikuwa na hoja za busara. Kosa lake lilikuwa mahali lilipoiweka kazi ya mikono: badala ya kitabu. Wazazi waliusoma mshahara, wakaelewa. Miongo minne baadaye, mwaka 1965, Philip Foster alitoa hoja kama hiyo kutokana na utafiti wake wa Ghana: wanafunzi hawazikimbii kazi za ufundi kwa sababu hawakuzoeshwa, bali kwa sababu uchumi unazilipa vibaya, na kubadili mtaala peke yake hakutabadili hesabu hiyo.

Mifano ya majirani inathibitisha. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 nchini Tanzania iliingiza shamba na karakana shuleni kwa nia njema, lakini katika shule nyingi kazi ya shamba iligeuka kibarua au adhabu. Mfumo wa 8-4-4 wa Kenya, ulioanza mwaka 1985, uliwalazimisha wazazi kuchangia ujenzi wa karakana. Pale vifaa vilipokosekana, useremala ulisomwa ubaoni na kutahiniwa kwa kalamu. Uganda yenyewe ilikwenda huku na huku. Tume ya Castle ya mwaka 1963 ilitanguliza sekondari ya kitaaluma kwa sababu taifa changa lilihitaji watumishi. Tume ya Profesa Senteza Kajubi, iliyoundwa mwaka 1987 na kutoa ripoti mwaka 1989, ilirudisha msisitizo kwenye stadi za kazi, na Waraka Mweupe wa mwaka 1992 ukaupokea. Utekelezaji ulizidiwa na wingi wa watoto baada ya elimu ya msingi kwa wote mwaka 1997 na sekondari kwa wote mwaka 2007.

Moto wa 2010 kama shule

Mnyororo wa mafunzo ya koo nao ulikuwa umekatika. Ikulu ya Mengo ilishambuliwa mwaka 1966, falme zikafutwa mwaka 1967, na hazikurudishwa hadi 1993. Makaburi ya Kasubi yalitangazwa kuwa eneo la hifadhi ya taifa mwaka 1972, na mwaka 2001 yakaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Hata hivyo hifadhi ya nyumba si hifadhi ya mikono inayoijenga. Robo karne bila ufalme ni kizazi kizima cha vijana ambao hawakuitwa kuezeka.

Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 Muzibu Azaala Mpanga iliteketea. Mwaka huo huo eneo liliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ulio hatarini, na lilitolewa humo Septemba 2023. Zaidi ya miaka 10 ilipita, na sababu hazikuwa za fedha peke yake. Ilibidi zipatikane nyasi zifaazo kwa wingi, na ilibidi wazee wa Ngeye wawafundishe vijana wao juu ya paa lenyewe. Paa hilo, ambalo ndani yake hubebwa na duara 52 zinazowakilisha koo za Buganda, likawa karakana kubwa kuliko yoyote iliyomo katika shule za mji huu.

Inapaswa kusemwa pia kwamba nyumba iliyoungua haikuwa ya asili tupu. Ukarabati wa mwaka 1938 ulikuwa umeingiza nguzo za zege na vyuma. Fundi wa Kasubi kwa hiyo ni mtu anayejua nyasi, matete, chuma na saruji kwa pamoja, na baada ya 2010 ni lazima ajue pia kinga ya moto. Mwanafunzi anayemfuata kwa alasiri chache hakutani na mila iliyogandishwa. Anakutana na uhandisi, mimea, historia na usimamizi wa kazi katika mahali pamoja.

Masuala matatu kwa wapangaji

Mtaala wa 2020 umefungua mlango ambao tume za awali hazikuufungua. Umepunguza masomo na saa za darasani ili alasiri ibaki kwa vilabu, michezo na utafiti, unadai miradi, na alama za shuleni zinachangia asilimia 20 ya matokeo ya mwisho, asilimia 80 ikibaki kwa mtihani wa taifa. Kundi la kwanza lilifungiwa shule karibu miaka miwili kwa sababu ya UVIKO-19, likafanya mtihani wake mwaka 2024. Muhimu zaidi ni kwamba kazi ya mikono safari hii imewekwa pembeni mwa kitabu, siyo mahali pake. Wazazi wa Kasubi, ambao wengi wao wanaishi kwa biashara ndogo za Barabara ya Hoima na soko la mtaa, wana sababu ndogo zaidi ya kuikataa. Hata hivyo masuala matatu hayajapatiwa jibu.

La kwanza ni malipo ya fundi. Mpondaji magome au seremala anayempokea mwanafunzi hupoteza muda na malighafi. Katika koo gharama hiyo ilifidiwa na udugu. Kwa Mackay, na misheni. Kwa Borup, na jasho la mwanagenzi mwenyewe. Bajeti ya shule haina fungu lake, na pasipo fungu, historia inaonyesha kwamba mwanafunzi hugeuzwa kibarua.

La pili ni wasichana. Kwa desturi wanawake hawaingii mahali pa kazi wakati nyumba ya Kabaka inapoezekwa. Serikali haina sababu ya kuingilia ibada hiyo, lakini klabu ya shule inayofadhiliwa na umma haiwezi kuwaacha nje nusu ya wanafunzi wake. Njia iliyo wazi ni kuanzia kwenye kazi zinazozunguka paa: upandaji wa mituba, magome, ususi, uwekaji kumbukumbu, uongozaji wa wageni. Uamuzi huo ufanywe mezani pamoja na wazee, kabla mwalimu hajafika getini na darasa lake.

La tatu ndilo gumu kuliko yote. Maarifa ya Ngeye na Ngonge ni mali ya koo, na sehemu yake haisemwi mbele ya mgeni. Mtaala wa taifa unataka kila maarifa yapimike na yapewe alama. Pale Kaboggoza au mwezekaji mkuu atakapokubali kupokea watoto wa koo nyingine, itabidi kuandikwa waziwazi ni hatua zipi zinafunguliwa kwa mwanafunzi na zipi zinabaki kwa mrithi, na ni nani kati ya mzee na mwalimu anayeijaza karatasi ya alama.