Bunduki ya wenzo: Mambo ya kupima kabla ya kuinunua kwa uwindaji

UWINDAJI wa kujiburudisha ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka wa 1977, lakini nchini Marekani ungali desturi halali inayorejea kila msimu wa majani kupukutika. Mkenya anayeishi Minnesota, Ohio au Pennsylvania huenda akaalikwa na jirani kwenda kuwinda kulungu, na afikapo dukani akaonyeshwa bunduki ya wenzo.

Hii ni bunduki ambayo chini ya kifyatulio chake pana wenzo wa chuma wenye umbo la pete. Mwindaji akiusukuma chini, ganda lililotumika hutoka. Akiurejesha juu, risasi mpya huingia kwenye chemba.

Aina hii ilipata umaarufu baada ya Benjamin Tyler Henry kusajili uvumbuzi wake mwaka wa 1860. Mwaka wa 1894 kampuni ya Winchester ilitoa bunduki iliyobuniwa na John Browning, ambayo imeuzwa zaidi ya milioni saba. Kiwanda cha New Haven kilichoiunda kilifungwa mwaka wa 2006, na siku hizi huundwa Japani. Washindani wake wakuu ni Marlin, ambayo imekuwa mali ya Ruger tangu 2020, na Henry, kampuni iliyoanzishwa katika miaka ya tisini na kuchukua jina la mvumbuzi huyo.

Hata hivyo, jina la kampuni si jambo la kwanza la kuuliza. La kwanza ni umbali.

Umbali na risasi

Bunduki ya wenzo ni silaha ya msituni, ambako mnyama huonekana kwa ghafla na kwa karibu. Ni fupi, nyepesi na haisumbui vichakani. Risasi yake ya kawaida, .30-30, humtosha kulungu na hata dubu mweusi. Lakini ikiwa imerekebishwa kulenga sawasawa kwa mita 90, hushuka takriban sentimita 20 ifikapo mita 180. Anayewinda kwenye nyanda za wazi, ambako mnyama huwa mita 300 mbele, atafute bunduki nyingine.

Risasi ya .44 Magnum ifaa kwa takriban mita 100, nayo .45-70, iliyobuniwa kwa ajili ya jeshi la Marekani mwaka wa 1873, ni nzito na ina teke kali begani. Mwanafunzi wa kulenga aanze na .22, ambayo hutumiwa kuwinda sungura na kindi.

Sheria ya jimbo nayo huamua. Ohio, kwa mfano, huruhusu kuwinda kulungu kwa risasi zenye ganda lililonyooka pekee, hivyo .44 Magnum na .45-70 hukubalika ilhali .30-30, ambayo ganda lake limebanwa shingoni, hukataliwa.

Hatari ya ncha

Bunduki nyingi za wenzo huhifadhi risasi katika mwanzi ulio chini ya mtutu, moja nyuma ya nyingine. Ncha ya risasi ya nyuma hugusa fataki ya ile iliyotangulia. Risasi yenye ncha kali na ngumu inaweza kuigonga fataki hiyo wakati bunduki inaporuka, na risasi zikalipuka mkononi mwa mwindaji. Ndiyo maana hutakiwa risasi za ncha bapa au butu, au zile za ncha laini ya plastiki ambazo Hornady ilianza kuuza katikati ya miaka ya 2000.

Zipo chache zisizo na mwanzi huo. Theodore Roosevelt alipotua Mombasa mwaka wa 1909 kuanza safari yake ya uwindaji, miongoni mwa silaha zake ilikuwamo Winchester ya 1895, ambayo risasi zake hukaa kwenye kisanduku chini ya chemba. Leo Browning BLR hutumia mpango kama huo, na yaweza kupakiwa risasi za ncha kali.

Darubini na usalama

Anayetaka kufunga darubini aangalie ganda linatokea wapi. Winchester za zamani hulirusha juu, mahali pale pale ambapo darubini ingekaa. Marlin 336, iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1948, hulitoa ubavuni.

Aangalie pia namna ya kuondoa risasi. Katika nyingi za zamani sharti wenzo usukumwe mara kwa mara hadi risasi ya mwisho itoke, na kila mara risasi hai huingia kwenye chemba. Henry nyingi huruhusu kuchomoa mrija wa mwanzi na kuzimwaga risasi. Kwa mwenye vidole vilivyokufa ganzi kwa baridi, tofauti hiyo si ndogo.

Viza na leseni

Kabla ya haya yote, mgeni apime hadhi yake kisheria. Sheria ya shirikisho ya Marekani humkataza asiye na kibali cha kuwa nchini humo kumiliki au kushika bunduki. Mwenye viza ya muda, kama vile mwanafunzi, pia hukatazwa, ila kuna misamaha michache, mmojawapo ukiwa leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo. Mkazi wa kudumu anaruhusiwa. Kukosea hapa kwaweza kuleta kifungo na kufukuzwa nchini. Majimbo mengi pia hudai cheti cha mafunzo ya usalama.

Wala bunduki hiyo haiwezi kuletwa nyumbani kama zawadi. Sheria ya silaha ya Kenya, Sura ya 114, hudai kibali na leseni.

Mwisho, ni zoezi la kulenga. Sehemu ya kifua ambapo risasi humwangusha kulungu upesi ina upana wa takriban sentimita 20. Akikosewa kidogo, hukimbia na kufa polepole asikoonekana. Kwa hiyo mwindaji achore duara la ukubwa huo na kulipiga risasi tano. Umbali ambao zote tano huingia ndani ndio umbali wake. Ukizidi huo, na amwache mnyama apite.