Faharasa ya Thamani Iliyokokotolewa

Faharasa ya thamani iliyokokotolewa ni faharasa ya hifadhidata inayopanga matokeo ya hesabu iliyofanywa juu ya safuwima, badala ya kupanga data kama ilivyoandikwa. Faida yake huonekana waziwazi katika kitambulisho cha mkazi wa Qatar.

Namba ya kitambulisho hicho, ambayo wakazi wa Doha huiita QID, ina tarakimu 11. Ya kwanza huonyesha karne ya kuzaliwa: 2 kwa miaka ya 1900, 3 kwa miaka ya 2000. Mbili zinazofuata ni za mwaka, tatu baada yake ni msimbo wa kimataifa wa nchi, na tano za mwisho ni za mfululizo. Kwa hiyo namba ya Mkenya aliyezaliwa 1984 huanza na 284404, ya Mtanzania wa mwaka huohuo 284834, na ya Mganda 284800.

Tuseme kampuni ya Doha ina wafanyakazi 100,000. Faharasa ya kawaida hupanga QID kuanzia kushoto, hivyo waliozaliwa 1984 hukaa pamoja na kupatikana upesi. Watanzania sivyo. Msimbo wao, 834, umo katikati ya namba, nao wametawanyika katika kila mwaka wa kuzaliwa. Kuwapata ni kupitia orodha nzima. Faharasa ikijengwa juu ya tarakimu ya nne hadi ya sita, wote hukusanyika mahali pamoja.

Sharti ni moja: data ileile lazima itoe jibu lilelile daima. Mwaka wa kuzaliwa unafaa. Umri haufai, kwa kuwa huongezeka ilhali namba haibadiliki, na faharasa ingebaki na majibu yaliyopitwa na wakati.

Miongoni mwa mifumo ya hifadhidata, Oracle iliingiza mbinu hii katika toleo la 8i, ikafuatwa na SQL Server 2000. PostgreSQL 7.4 ya 2003 iliruhusu faharasa za hesabu za aina nyingi, SQLite ikaja 2015, na MySQL 8.0.13 mwaka 2018.

Kila mfanyakazi mpya anapoandikishwa, hesabu hufanywa na faharasa huongezwa, jambo linalopunguza kasi ya uandikishaji. Tena, iwapo nusu ya wafanyakazi wanatoka nchi moja, mfumo ukiulizwa kuhusu nchi hiyo kwa kawaida huiacha faharasa na kusoma jedwali zima, kwa sababu kufuata rekodi 50,000 mojamoja huchukua muda mrefu zaidi.