Kazi Iliyowatafuta Watu

Wengi hudhani ya kuwa mtu ndiye atafutaye kazi, naye mwenye kazi hukaa mlangoni akingoja. Lakini tukizitazama habari za nchi yetu twaona kinyume: kwa miaka mingi kazi ndiyo iliyotoka kwenda kuwatafuta watu. Yafaa tuijue sababu yake.

Sababu ni shamba. Mtu mwenye jembe, mtama na muhogo wake hakuwa na haja ya kumtumikia mwingine. Hata mwaka 1893 Mdachi Richard Hindorf alileta mkonge. Miche 62 tu ilifika hai, nayo ikawa mwanzo wa mashamba makubwa ya Tanga, na baadaye ya Lindi. Mkonge wataka mikono mingi mwaka mzima, wala haumpi mtu nafasi ya kwenda kulima kwake masika. Wenyeji waliojitokeza hawakutosha. Mwaka 1897 serikali ya Wadachi ikaweka kodi ya nyumba, watu wakalazimika kutafuta fedha. Nao wenye mashamba wakatuma mawakala vijijini.

Lakini tusidhani ya kuwa kila anayetafutwa huombwa. Hapa Narung'ombe, Julai 1917, Waingereza na Wadachi walipigana vita vikali. Nyuma ya askari walikuwako wapagazi, na wengi wao hawakuulizwa kama wapenda au hawapendi. Jina la Kariakoo, mjini Dar es Salaam, latokana na jeshi lile la wapagazi.

Vita vya pili vilipokuja, watu walishurutishwa tena kwenda mashambani, maana mwaka 1942 Wajapani walikuwa wameziteka nchi za mashariki zilizotoa nyuzi za kamba. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge wakaunda ofisi yao moja ya kuandikisha watu, ikaitwa SILABU. Walifanya hivyo ili wapate watu wa kutosha, wala wasinyang'anyane. Mawakala wake walifika Songea, Njombe, Uha na hata Ruanda-Urundi. Aliyekubali alipewa safari na chakula cha njiani, akatiwa namba. Ndipo lilipotoka jina la manamba. Kipande chake kilikuwa cha siku 30 za kazi, naye alipewa siku 42 kuzitimiza.

Mwaka 1947 kazi ilitufikia sisi wenyewe, mpango wa karanga ulipoanza Nachingwea. Lakini mwaka 1951 mpango ule ukavunjika.

Sasa fikirini jambo hili. Atumaye motokaa mwendo wa siku nyingi kumchukua mtu, bila shaka amhitaji sana. Thamani ya manamba ilikuwa kubwa, ila yeye hakuijua, maana matajiri walikuja wakiwa wameungana, naye alitia dole gumba peke yake. Mwaka 1958 wafanya kazi wa mkonge nao wakaunda chama chao, wakagoma, na mishahara ikaanza kupanda. Katika miaka ya 1960 SILABU ikafungwa.

Basi, ndugu wasomaji, hata leo mawakala huja na ahadi za kazi za mbali. Ajapo mmoja kwenu, msimfukuze, wala msimkimbilie. Mwulizeni mshahara ni kiasi gani, kazi ni ya muda gani, na nani atalipa nauli ya kurudi. Kisha someni karatasi yote, tena someni pamoja na jirani zenu, kabla ya kutia sahihi.