Walioukokota Mzinga

Kila niingiapo makumbusho ya kijeshi ya bustani ya Cinquantenaire, Brussels, huukumbuka mzinga mmoja ulioko Fort Jesus, Mombasa. Ni wa milimita 105, wa manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyoangamia katika delta ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915. Wajerumani waliiopoa mizinga yake yote 10. Baadhi ikaundiwa magurudumu Dar es Salaam, na mmoja ukafungwa kwenye meli Götzen, Ziwa Tanganyika, kuwakabili Wabelgiji.

Mhifadhi hupambana na kutu: hukwangua, hupaka mafuta, hupaka rangi. Penye hewa ya chumvi kazi hiyo haina mwisho, nami naiheshimu. Ila vibao vyetu vikishataja kiwanda na kipenyo cha mtutu, hunyamaza. Pasipo reli, chuma hicho kilikokotwa kwa kamba na watu. Upande wa Wabelgiji, walioitwaa Tabora Septemba 1916, wapagazi hukadiriwa kuwa zaidi ya 200,000. Jenerali Tombeur, aliyewaongoza, ana mnara wake hapa Saint-Gilles, na jina la Tabora liliongezwa kwenye lake. Kwa wapagazi ningeridhika, kwa kuanzia, na sentensi moja kibaoni.