Kaboni katika pedi za breki

Kaboni katika pedi za breki ni malighafi zenye asili ya kaboni, hasa kinywe (pia: grafiti), koki na nyuzi za kaboni, zinazochanganywa katika pedi za magari na pikipiki ili kutawala msuguano na joto.

Pedi hubana diski ya chuma na kugeuza mwendo wa gari kuwa joto. Mwanafunzi anaweza kushangaa: kinywe ndicho kilichomo katika penseli, tena hutumika kulainisha kufuli. Kinatafuta nini mahali panapotakiwa kukwaruza? Jibu liko katika muundo wake. Atomi zake zimepangwa kwa matabaka yanayoteleza kwa urahisi moja juu ya jingine. Pedi yenye vikwaruzo vitupu, kama oksidi ya alumini, ingekamata kwa kushtuka, ingepiga kelele na kuila diski. Kinywe huacha utando mwembamba juu ya diski, na msuguano hutulia. Kikizidi, breki huteleza. Kwa hiyo kipimo chake huwa asilimia chache tu za uzito wa pedi.

Koki ni ngumu kuliko kinywe na ina vitundu vidogo. Hupunguza kelele bila kulainisha mno.

Kiwandani unga wa kaboni huchanganywa na nyuzi, vikwaruzo, unga wa bariti na resini ya fenoli ambayo ndiyo gundi. Mchanganyiko hushindiliwa kwa joto juu ya bamba la chuma, kisha huokwa kwa saa kadhaa ili resini ikomae.

Resini hiyo ndiyo sehemu dhaifu. Dereva akishuka mlima mrefu, kwa mfano Kitonga mkoani Iringa, huku amekanyaga breki muda wote, resini huanza kuoza na kutoa gesi, na breki hupoteza nguvu. Kinywe hustahimili zaidi, lakini nacho huanza kuungua hewani joto likipita nyuzi 500 hivi za selsiasi. Hakuna pedi inayochukua nafasi ya gia nzito.

Kwa muda mrefu nyuzi zilizotumika zilikuwa za asbesto, ambayo vumbi lake husababisha kansa ya mapafu. Umoja wa Ulaya uliikataza mwaka 2005. Pedi kuukuu za aina hiyo bado zinaweza kukutwa, hivyo fundi asipulize vumbi la breki kwa kompresa. Baadaye shaba nayo ilibanwa, kwa kuwa vumbi lake hudhuru samaki: sheria ya California ya mwaka 2010 iliweka kikomo cha asilimia 0.5 kuanzia 2025. Kinywe ni kimojawapo cha vitu vinavyoziba pengo hilo, kwa sababu nacho hupitisha joto vizuri. Nchini Tanzania kinapatikana Mahenge, Ruangwa na Mirerani.

Ndege kubwa na magari ya Formula 1 hutumia breki za kaboni tupu iliyoimarishwa kwa nyuzi za kaboni. Ndege ya Concorde ilikuwa nazo. Ni nyepesi na hustahimili joto kali, lakini ni ghali, na zile za magari ya mashindano hazikamati vizuri zikiwa baridi, kwa hiyo hazifai kwa daladala.